Msitu wa mtu, sharti la milele: Maine ilinunua nini Moosehead?

Machi 2001, ukoo wa Pingree wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, uliuza kitu kisichoonekana kwa macho. Msitu wao wa ekari 762,192, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja, ulibaki wao. Waliendelea kukata miti, kulipa kodi ya ardhi na kurithishana kama walivyofanya tangu miaka ya 1840. Walichouza, kwa dola milioni 28, ni haki ya kukata viwanja na kujenga nyumba. Shirika la New England Forestry Foundation lililonunua haki hiyo nalo halina ruhusa ya kujenga. Liliinunua ili isitumiwe na yeyote, milele.

Huo ndio mkataba wa hifadhi kama Wamarekani wanavyoujua. Huandikishwa pamoja na hati ya ardhi, na huifuata ardhi kokote iendako. Mjukuu akirithi, benki ikinadi, kampuni ikinunua, sharti lipo palepale. Ukigawanya fedha zile kwa ekari unapata dola 37 hivi, bei ndogo mno kuliko ya kuununua msitu wenyewe. Ndiyo maana wanasiasa wa vyama vyote viwili wameupenda kwa miaka mingi. Mpango wa serikali kuu wa kulipia mikataba ya namna hii ulianzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1990.

Maine ilikuwa na sababu ya pekee ya kuuhitaji. Takriban asilimia 90 ya jimbo ni msitu, na karibu wote ni mali ya watu binafsi. Kwa vizazi kadhaa wenye misitu wakubwa walikuwa kampuni za karatasi, na wananchi waliwinda, walivua na kupiga kambi humo kwa mazoea tu, bila hati yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni hizo zilipoanza kuuza ardhi, walioingia walikuwa mifuko ya uwekezaji na kampuni za biashara ya ardhi. Kiwanda huhitaji magogo mwaka hadi mwaka. Mwekezaji huangalia faida, na kiwanja kando ya ziwa kina faida kuliko gogo.

Ziwa lenyewe lililozua ugomvi ni Moosehead, kubwa kuliko yote jimboni. Mwaka 2005 kampuni ya Plum Creek, yenye makao Seattle, upande wa pili kabisa wa nchi, ilipeleka ombi mbele ya tume ya jimbo inayopanga matumizi ya ardhi: viwanja 975 vya nyumba na hoteli mbili kubwa za kitalii. Mazungumzo yalipoendelea, kampuni iliweka mezani mkataba wa hifadhi wa ekari 363,000, chini ya uangalizi wa shirika la Forest Society of Maine. Tume iliidhinisha mpango huo Septemba 2009. Mwaka 2011 mahakama ikautengua kwa kasoro za utaratibu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Maine ikaurudisha.

Wanaharakati wa mazingira waligawanyika katikati. Kundi moja lilisema ni afadhali kuvumilia nyumba chache mahali pachache, msitu mkubwa ukabaki kitu kimoja, kuliko kusubiri ukatwe vipande kidogo kidogo kwa miaka 50. Kundi jingine liliuliza swali ambalo hadi leo naliona zito: kwa nini kampuni ilipwe ili isijenge mahali ambapo haikuwa na mpango wa kujenga? Kwa sehemu kubwa ya eneo hilo zililipwa dola milioni 10, na kampuni ikapata pia kibali cha viwanja. Mashirika yaliyopinga yaliona hifadhi imetumika kama rushwa ya hadharani. Neno hilo naliona kali mno, lakini hesabu waliyokuwa wakiidai ilikuwa halali.

Yaliyofuata hayakutabiriwa na upande wowote. Soko la nyumba lilikuwa limeanguka. Plum Creek ikaungana na Weyerhaeuser mwaka 2016, na mwaka 2020 mpango wa ujenzi ukafutwa kwa ombi la kampuni yenyewe. Hoteli hazikujengwa. Mkataba wa hifadhi ulibaki, kwa sababu wenyewe haukuwa na mwisho. Ungekuwa wa miaka 10 au 20, leo kungekuwa na mazungumzo mapya na mwenye ardhi mpya. Mfano huu ndio ulionisogeza upande wa wanaotetea neno "milele".

Lakini neno hilo ndilo linalowakera wapinzani, na hawakeriki bure. Thomas Jefferson alimwandikia James Madison mwaka 1789 kwamba ardhi ni ya walio hai, na wafu hawana mamlaka juu yake. Mji mdogo uliopoteza kiwanda chake cha karatasi, kama Millinocket mwaka 2008, una haki ya kuuliza ni nani aliyewaamulia watoto wake wasiwe na mahali pa kupanua mji. Gavana Paul LePage, Mrepublican, alipozuia mwaka 2015 hati fungani za hifadhi zilizokwisha kupigiwa kura na wananchi, akitaka kwanza miti zaidi ikatwe katika misitu ya umma, wengi walimlaani. Mimi pia naona alikosea kuishika kura ya watu. Hata hivyo hasira aliyoisemea ilikuwa ya watu halisi, waliozoea kuona wageni matajiri wakiamua msitu uwe wa nini.

Upande wa kodi, ambako anayetoa haki ya kujenga bure hupunguziwa kodi, kumekuwa na ulaghai mtupu. Madalali walinunua ardhi kwa bei ya chini, wakaitathmini mara nyingi zaidi, wakatoa haki ya kujenga kama sadaka, kisha wawekezaji wakagawana punguzo la kodi. Seneta Grassley wa Republican na Wyden wa Democrat waliuanika mchezo huo kwa pamoja mwaka 2020, na sheria ya Desemba 2022 ikanyima punguzo linalozidi mara mbili na nusu ya mtaji uliowekwa.

Linaloniuma zaidi halisemwi sana bungeni. Mkataba wa Pingree ulizuia nyumba, ukaacha shoka. Anayeuona msitu kama makazi ya wanyama na miti mizee atasikitika, na ninamwelewa. Ila katika Maine shoka ndilo linalolipa mishahara, na msitu uliokatwa huota tena kama haukuchimbwa msingi wa nyumba. Kosa ni kuwatangazia walipa kodi kwamba msitu "umeokolewa" bila kuwaambia umeokolewa kutoka kwa nani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na Maine ililitambua hilo mwaka 2007. Sheria iliyorekebishwa iliweka daftari la jimbo la mikataba yote, ikamtaka mwenye mkataba aikague ardhi angalau mara moja kila miaka mitatu, na ikazuia kuufuta bila amri ya mahakama.

Kenya ina kifungu cha aina hii tangu 1999, katika sheria ya usimamizi wa mazingira, lakini mlango wake ni mwingine. Mahakama ndiyo huweka sharti juu ya ardhi, liwe la milele, la miaka kadhaa au kwa kadiri ya haki ya kimila, na mwenye ardhi anaweza kudai fidia. Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kijiji cha Terrat huko Simanjiro kilikubaliana mwaka 2005 na kampuni za utalii: kijiji kisilime wala kujenga makazi ya kudumu katika sehemu ya mbuga, mifugo iendelee kulisha, na malipo yaje kila mwaka. Sharti la Terrat linategemea malipo hayo, kwa hiyo watalii wakikauka, wanakijiji wanajua mlango wa nani wa kubisha. Huko Maine fedha zililipwa mara moja, na ekari 762,192 hazikaguliki kwa miguu. Shirika lililozinunulia hifadhi lilibidi lijifunze kusoma picha za setilaiti.