Katibu wa Kamati na Sifuri Zilizojiandika

Mjomba alipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya harusi, jambo la kwanza alilotangaza ni kwamba daftari limepitwa na wakati. Michango itaandikwa kwenye tableti. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuuza na kutengeneza hizo tableti hapa Kariakoo, alipita kuchukua ushauri. Katika ukoo wetu ushauri husikilizwa kwa adabu zote, kisha mtu akaenda kufanya lake.

Nikamwekea mbili za Samsung mezani: Galaxy Tab A9 na Galaxy Tab S9 FE.

"Zote zilitoka Oktoba 2023," nikamwambia.

"Kumbe mapacha! Sasa huyu mmoja mbona kanizidishia bei ya mbuzi wawili?"

Nikamweleza. A9 ina kioo cha inchi 8.7, nukta 1340 kwa 800, RAM (kumbukumbu inayoshikilia programu zilizo wazi) ya GB 4 kwa ile ya bei ya chini. Kwa kusoma gazeti, kumtuliza mtoto na kuangalia mpira, inatosha kabisa, wala simshauri mtu wa matumizi hayo aongeze hata shilingi. S9 FE ni inchi 10.9, nukta 2304 kwa 1440, RAM inaanzia GB 6, na kalamu imo ndani ya boksi. Hapo kwenye kalamu ndipo nilipokazia, maana yeye alitaka kuandika kwa mkono. Chini ya kioo cha S9 FE kuna tabaka la pili linaloisikia kalamu. A9 haina tabaka hilo, na haliongezwi baadaye.

"Kalamu si nanunua pembeni?" akasema, akaaga.

Jioni simu ikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tableti haisomi laini."

Alikuwa amepata A9 duka jingine, bei poa. Nikamwambia abonyeze *#06# tuone IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa cha laini. Akatafuta weee, akasema haoni hata pa kubonyezea namba. Nikamwomba anisomee kibandiko cha boksi: SM-X110.

Basi. X110 ni ya Wi-Fi tu. Yenye laini ni X115. Kwa kaka yake A9+ ni vivyo hivyo: X210 ya Wi-Fi, X216 ya laini. Tarakimu moja ya mwisho, wala hakuna anayeitazama, kwa sababu boksi zote zina picha ileile.

"Sasa mjomba, hiyo laini umeiweka wapi?"

Kimya kidogo. "Kuna kitundu pembeni. Imeingia bila tabu."

Lazima iingie bila tabu. Hicho ni kitundu cha memori kadi, yenye milimita 15 kwa 11, na laini ndogo ni 12.3 kwa 8.8. Inapata nafasi ya kucheza, inakaa upande, na ukisukuma kitreyi inajikunja humo ndani. Alipoileta, ilikuwa imekwama. Hapo usichokonoe kwa sindano: utapinda vijino vya shaba, na siku ukitaka kuweka memori kadi kweli, haitasomwa. Zima, elekeza tundu chini, gonga mgongo polepole. Ikigoma, kata utepe mwembamba wa selotepu ngumu, ingiza upande wa gundi uguse laini, vuta taratibu. Ikatoka, na mjomba akanishukuru kwa kuniuliza kama laini bado ina bando.

Kisha akatoa kalamu. Alikuwa amenunua ile ya Samsung yenyewe, halisi. Akaandika jina lake juu ya kioo: hola. Akakandamiza: hola. Akailamba ncha, kama afanyavyo kwa penseli. Kalamu ile haina kosa. Inaongea na lile tabaka, na tabaka halipo. Akairudisha dukani kwa ugomvi, akachukua ya ncha ya mpira, na hii ikaandika. Akanipigia kunicheka.

Nikajaribu kumwonya kwamba kalamu ya mpira ni kidole bandia tu. Kioo hakiwezi kujua kipi ni kalamu na kipi ni kiganja, vyote kwake ni ngozi. Kwenye S9 FE kalamu ikikaribia tu, kioo kinapuuza kiganja. Kwenye A9 kila kinachogusa kinaandika. Akasema yeye mwandiko wake ni mzuri tangu shule ya msingi.

Kikao cha kamati kikafika. Mjomba akaanza kupokea ahadi, majina kushoto, kiasi kulia, kwa maelfu ili asipoteze muda: 50, 20, 100. Kiganja kimetulia juu ya kioo, kulia kidogo kwa kalamu, pale pale tarakimu inapoishia. Kila akimaliza namba, lile bonge la mkono linaacha kiduara. Na macho yake hayakuwa kwenye kioo, yalikuwa kwa watu, wamwone.

Akawasha hotspoti ya simu, akaituma orodha kwenye grupu la WhatsApp.

Shangazi wa bwana harusi, ahadi yake elfu 50, akasoma 500. Akatoka kwenye grupu bila kuaga. Mzee wa msikiti akaandika "Innalillahi". Mwenyekiti kabla hajahoji lolote alishapiga hesabu ya jumla, akaagiza ng'ombe wa pili.

Usiku kucha tukarekebisha. Mjomba akihama kutoka kwenye orodha kwenda WhatsApp kusoma matusi, akirudi programu inaanza upya, kwa sababu RAM ya GB 4 haiwezi kushikilia vyote. (Tangazo la dukani lilisema "4+4". Hizo nne za pili zimekopwa kwenye hifadhi, nazo ni za mwendo wa kobe.)

Wote wakarudishiwa ahadi zao za kweli, isipokuwa jirani mmoja aliyeahidi elfu 20. Huyo alikuwa ameshalipa laki mbili alfajiri, akaona aibu kudai.

Nikamwambia mjomba sasa tubadilishe, achukue S9 FE.

"Hii imetuingizia laki na themanini ya ziada," akanijibu. "Hiyo yako imeingiza nini?"