Babu Yako Alizikwa Wapi, Mwalimu?

Jumanne jioni, Barabara ya Jogoo, mvua imeanza na foleni haisogei. Dereva wa matatu akaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Gari zima likaimba. Hata dada wa kiti cha mbele aliyekuwa akigombana na mtu kwenye simu alikata, akaingia kwenye kiitikio. Nami nikaimba, tena kwa sauti. Makanga akanigeukia: "Umeskia hiyo, mathe? Zilizopendwa za Kenya, hakuna kama hizo."

Hilo la "mathe" nimeshalizoea. "Zilizopendwa" badala ya "zilipendwa" nilikoma kulibishania mwaka wangu wa pili hapa Nairobi. Lakini "za Kenya"? Nikamwambia nauli yake nampa, wimbo simpi.

Ndugu zangu mlioko nyumbani Tanzania mnajua, au mlipaswa kujua. Wilson na George Kinyonga ni watoto wa Tanga. Walipiga na Jamhuri Jazz pale pale mjini kwetu, mwaka 1970 wakaenda Arusha kuanzisha Arusha Jazz, 1971 wakavuka mpaka, ikazaliwa bendi ya Simba Wanyika. Humo ndimo wenzao walimotoka mwaka 1978 wakawa Les Wanyika. Mpaka leo Nairobi inawapiga kila Jumapili, kila penye nyama choma, kila matatu yenye dereva aliyevuka miaka arobaini. Na sisi? Desemba nikiwa likizo Tanga nilimuuliza kijana wa bodaboda, Ngamiani hapo hapo, kama anawajua Simba Wanyika. Akadhani nauliza tawi la Simba. Akanijibu yeye ni Yanga.

Najua mtakavyosema. "Kashapata shilingi ya Kenya, moja kwa karibu 20 za kwetu, sasa anatusomesha nyimbo zetu." Shangazi yangu ameshaandika kwenye kundi la ukoo kwamba nimekuwa Mkenya, eti nilisikika nikisema "niko na njaa". Shangazi, shikamoo. Nilisema, ndiyo, nilikuwa na njaa kweli. Lakini Mkenya gani angegombana na makanga kwa ajili ya Jamhuri Jazz?

Kesho yake niliingia darasani nikiwa bado nimefura. Nafundisha Kiswahili gredi ya nane, na nilikuwa nimewapa kazi: kila mmoja alete wimbo wa mtu aliye mbali na kwao, aulize wakubwa, asiutoe TikTok. Zaidi ya nusu waliutoa TikTok.

Wa kwanza ulikuwa "Kasongo". Watoto wa Nairobi wanalijua jina hilo kama la utani la kiongozi mmoja mkubwa sana, darasa likaangua kicheko, na mimi mgeni mwenye kibali cha kazi nikajifanya sijaelewa. Nikawauliza, wimbo wenyewe unasema nini? Kimya. Ni Kilingala, ni wa Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi mwaka 1974. Mke anamlilia mumewe Kasongo arudi nyumbani, kamwacha na watoto. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona wanaume ndio wanaimba maneno ya bibi?" Miaka yote niliyoucheza wimbo huo kwenye harusi za watu sikuwahi kujiuliza. Mvulana wa nyuma akanijibia: "Si ndio wao hutoroka. Wanajua vile huambiwanga."

"Shosholoza" waliujua kama wimbo wa mpira. Nilipowaambia ni wa vibarua wa kutoka upande wa Zimbabwe ya leo, waliopanda treni kwenda migodi ya Afrika Kusini, wakaanza wenyewe kuuweka kando ya ule wa Kasongo: anayeondoka anaimba treni, anayebaki anaimba jina la mtu. Hilo sikuwafundisha. Niliandika ubaoni kama walivyolisema.

Kuna mmoja hakuleta wimbo. Usiku wake alikuwa amenitumia sauti ya WhatsApp ya mama yake, yuko Saudia mwaka wa tatu kwa kazi za nyumbani, anamwimbia mdogo wa huyu mtoto alale. Tuliisikiliza mara moja. Hiyo sikuiandika ubaoni.

Kisha mvulana mmoja, mkaazi wa Umoja, mzaliwa wa Pumwani, akasema kazi yangu ina kasoro. "Nyumbani ni wapi, Mwalimu? Ndio nijue kama niko mbali." Nikamwambia nyumbani ni kwenu, Umoja. Darasa zima likanirekebisha: Umoja ni nyumba. Nyumbani ni ocha, kijijini kwa mababu. Ocha yake ni Siaya, amefika mara mbili maishani, mara zote mbili mazishi.

Miaka yote hii hapa, jambo hili bado linanichosha. Mtu amezaliwa mjini, amesomea mjini, deni la duka lake liko mjini, lakini ukimuuliza kwao anakutajia mahali ambapo akishushwa usiku atapotea. Na si la watoto tu. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong, ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa mochari mpaka Mei 1987, kesi inapanda na kushuka mahakamani, na ukoo ndio uliozika. Wanafunzi wangu hawajawahi kuisikia kesi hiyo, lakini hukumu yake wanayo kichwani kama jedwali la kuzidisha.

Basi nikapandisha mabega ya Kitanzania. Nikasema kwetu mtu ni wa pale anapoishi, Mwalimu Nyerere alitulea hivyo, hatuulizani kabila wala ocha. Mimi ni wa Tanga, kwisha.

Yule wa Umoja akauliza, kwa adabu zote: "Na babu yako alizikwa wapi, Mwalimu?"

"Muheza. Kando ya shamba la mkonge."

"Na baba yake?"

Mnajua jibu, wengi wenu mnalo hilo hilo. Babu alikuja kutoka Buha, Kigoma, akiwa manamba. Walimpa namba, wakampa panga, akakata mkonge, akaoa Mbondei, akazeeka. Kijiji alichotoka hakuna anayekijua kwa jina. Hakuna aliyewahi kwenda. Huu mji ninaouringia, wa "waja leo", watu wake wengi ni wajukuu wa watu walioambiwa mkataba ukiisha mtarudi kwenu.

Unajua walifanya nini watoto wale? Walinipa pole. Mimi! Nimepewa pole ya kukosa nyumbani na mtoto aliyeiona ya kwake mara mbili, jeneza likiwa mbele. Nilitaka kukasirika. Mkenya unayesoma hapa, usicheke, mnaokaa nyumba za kupanga miaka thelathini mkisema mko safarini. Nawe Mtanzania unayejiandaa kuandika "ndiyo maana sisi hatuna ukabila": sawa, hatuna, nakuunga mkono, lakini wewe hukuwa umesimama pale ubaoni na chaki mkononi, watoto arobaini na watatu wakisubiri jina la kijiji.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Nikamuuliza babu alikuwa akiimba nini.

"Cha Kiha?" akasema. "Alipokuwa ananoa panga?"

Sikujua kama kilikuwepo. Alikaa kimya nikadhani mtandao umekatika, kisha akaanza, polepole, sauti ikitafuta njia. Maneno hayajui maana yake. Anadhani moja ni mto. Nikawahi kuwasha kinasa sauti, nikamwambia aanze tena, mama, taratibu. Akaanza tena. Ila umeme huko ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na chaji yake ikaisha kwenye mstari wa tatu.