Sindano sawa, lakini vidonge vya presha usiache

Jumamosi nilikwenda Mbagala kumjulia hali mama mkubwa. Natafuta majani ya chai kabatini, nikakuta vidonge vyake vya presha ndani ya kopo la maziwa. Amlodipini, paketi tatu, hakijatoka hata kidonge kimoja.

"Mama, mbona humezi?"

"Mwanangu, siku hizi nachomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa. Mwili mwepesi, nalala fofofo. Wameniambia hii ndiyo tiba mbadala."

Nikamfunga mkanda wa kipimo. 186 kwa 108.

Hasira yangu yote iko kwenye hilo neno, mbadala. Mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Ukimwambia mama wa miaka 64, aliyechoka foleni za kliniki, kwamba amepata mbadala, umeshamwambia aache dawa. Semeni tiba saidizi! Hilo atalielewa.

Sindano zenyewe sizipingi. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964, si wageni kwetu. Na usingizi wa mama ni wa kweli, nakubali. Ila kwenye presha, Ujerumani mwaka 2007 walifuatilia wagonjwa 160, wengi wao wakiendelea na vidonge vyao. Waliochomwa sindano halisi kwa wiki 6, namba ya juu ilishuka kama 5 hivi. Walipoacha, baada ya miezi 3 ikawa imerudi palepale. Marekani mwaka mmoja kabla, kwa watu 192 wasiotumia vidonge, sindano halisi na za kuigiza hazikupishana matokeo. Sasa toa 5 kwenye 186 ya mama. Inabaki 181.

Tena presha haiumi. Baba yangu alianguka bafuni alfajiri, kiharusi, na usiku wake alikula ugali akicheka na wajukuu. Wepesi wa mwili si kipimo. Kipimo ni ule mkanda.

Jioni ileile tulikwenda zahanati. Daktari hakumgombeza, alisema sindano aendelee nazo akipenda, ila kidonge kila asubuhi, na kila anapochomwa aende na daftari lake la presha.

Jana kanipigia. "Nimemeza, mwanangu. 164 kwa 98."

Bado iko juu. Jumatatu nampeleka kliniki mwenyewe.