Seva ya barua pepe ndani ya nyumba Lamu: inamfaa nani?

Punda akipita usiku kwenye kichochoro cha Mkomani, kamera iliyofungwa juu ya daka, baraza la mlangoni, humpiga picha na kuituma kwa barua pepe. Katika nyumba nyingi picha hiyo hutoka Lamu, ikaenda hadi kwenye seva za kampuni iliyo ng'ambo, kisha ikarudi kwenye simu ya mwenye nyumba aliyelala orofa ya juu, hatua 15 kutoka ilipo kamera. Wanaotaka seva ya nyumbani, yaani kompyuta yao wenyewe ya kupokea na kutunza barua, huanzia hapo: barua ya ndani ya nyumba ibaki ndani ya nyumba. Wanaopinga husema simu tayari ina WhatsApp na Gmail, na seva ni mtoto mwingine wa kulea. Wote wana haki, ila mara nyingi hawazungumzii barua ya aina moja.

Barua za watu tuzimalize haraka. Hakuna atakayefungua sanduku la barua pepe kumuuliza nduguye aliye chini kama samaki amefika. Kumjengea kila mwanafamilia anwani ya ndani ni kazi ya wikendi moja, na baada ya mwezi masanduku yatakuwa matupu. Upande huu wapinzani wameshinda.

Barua za mashine ni habari nyingine. Skana, kamera za ulinzi, inveta ya sola, kompyuta inayotaka kusema diski yake inakufa: vifaa hivi havina WhatsApp. Vingi vinajua njia moja tu ya kupiga kelele, nayo ni barua pepe. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google iliacha kukubali kifaa kiingie kwenye akaunti ya kawaida ya Gmail kwa jina na nenosiri pekee, na skana nyingi zikanyamaza siku hiyo bila mwenyewe kujua sababu. Dawa ipo: unawasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha unatengeneza nenosiri maalumu la programu. Lakini kifaa cha zamani kinachojua usimbaji wa kale tu kitaendelea kukataliwa hata ukikipa nenosiri jipya. Seva ya nyumbani hukipokea kupitia mlango (port) namba 25, bila nenosiri, kwa kuwa kimo ndani ya kuta zilezile.

Pia kuna suala la njia. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora. Siku kama hiyo, picha ya kamera isiyohitaji kutoka nje haina habari na bahari.

Kazi yenyewe si kubwa. Kompyuta ndogo yenye mfumo wa Debian (aina ya Linux), programu mbili: Postfix ya kupokea na kuweka, Dovecot ya kukuwezesha kuzisoma barua kwa simu.

sudo apt install postfix dovecot-imapd mailutils

Postfix itauliza aina ya usanidi. Chagua "Local only". Chaguo hili huandika default_transport = error, maana yake barua yoyote inayolenga nje inakataliwa papo hapo. Ni kinga nzuri: hata ukikosea mahali, mashine yako haitageuzwa kuwa ya kusambaza barua taka. Lakini hulifungia pia sikio lake ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo kamera ikigonga haisikiki. Ndiyo sababu unaingia kwenye /etc/postfix/main.cf na kuweka:

myhostname = nyumba.home.arpa
mydestination = nyumba.home.arpa, localhost
inet_interfaces = all
mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24
home_mailbox = Maildir/
message_size_limit = 26214400

Ukibadilisha inet_interfaces, kupakia upya hakutoshi. Postfix lazima izimwe na kuwashwa. Wengi hupotezea saa nzima hapa.

Jina la home.arpa halikuokotwa. Lilitengwa rasmi mwaka 2018 kwa mitandao ya nyumbani. Ukijibunia jina linaloishia .co.ke huenda ni la mtu, au litakuwa la mtu kesho, na siku mpangilio ukiharibika barua zako zitamwendea yeye. Nayo .local inatumiwa na vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao, hivyo husababisha mkanganyiko. Jambo la kufurahisha ni kwamba jina hili halihitaji kuandikishwa popote: kwenye kamera unaweka namba ya seva, tuseme 192.168.1.10 uliyoitengea ndani ya ruta, na anwani kamera@nyumba.home.arpa. Postfix inaona sehemu iliyo baada ya @ imo kwenye mydestination, basi inaipeleka kwa mtumiaji anayeitwa kamera, uliyemfungua kwa adduser. Kwenye /etc/aliases weka lakabu ya root, akaunti ya msimamizi wa kompyuta, ielekee kwa mtu anayesoma kweli, kisha endesha newaliases. Usipoiendesha, lakabu hiyo ni wino tu.

Mstari wa ukubwa nao una sababu. Kikomo cha kawaida ni baiti 10240000, na kiambatisho kinaponakiliwa kwenda kwenye barua huvimba kwa zaidi ya theluthi moja. Faili la MB 8, ambalo skana hulifikia kwa kurasa chache za rangi, linagonga ukuta. MB 25 zinatosha nyumba yoyote.

Kosa linalowakera watu kuliko yote liko kwa Dovecot. Kumbukumbu, unazozisoma kwa journalctl -t postfix/local, zinasema "delivered to maildir", na simu inaonyesha sanduku tupu. Barua haikupotea. Postfix imeiweka kwenye folda ya Maildir ya mtumiaji, huku Dovecot ya Debian ikiichungulia /var/mail. Katika toleo la 2.3 unarekebisha kwa mail_location = maildir:~/Maildir. Toleo la 2.4, linalokuja na Debian 13, limeuondoa mstari huo; linataka mail_driver = maildir na mail_path = ~/Maildir, na mstari wa mail_inbox_path unaoelekeza /var/mail uondolewe. Ukiliwekea mstari wa zamani, Dovecot hukataa kuwaka kabisa. Simu nayo italalamika kuhusu cheti cha usalama ambacho seva imejitengenezea yenyewe. Mara ya kwanza kikubali. Kikibadilika bila wewe kukigusa, hapo uliza.

Mpaka hapa wanaounga mkono wanaongoza. Gharama huja baadaye, na Lamu ina zake.

Kuta za matumbawe ni nene, na Wi-Fi ya ruta iliyo orofa ya juu hufika kwenye daka ikiwa imechoka. Seva haina shida, inaweza kukaa hata ndani ya kidaka kimoja, kile kishubaka cha ukutani. Kamera ndiyo inayoumia. Hapa inabidi kukumbuka tofauti ambayo wauzaji hawaisemi: seva ina foleni, kamera haina. Postfix ikishindwa kufikisha barua huishika na kujaribu tena hadi siku 5. Kamera nyingi za bei nafuu hujaribu mara moja, zikikosa zinasahau. Kwa hiyo waya ni lazima, wa Cat5e unatosha, ambao hufika mita 100, na vichwa vyake vikingwe na upepo wa bahari, maana chumvi huvigeuza kijani.

Kisha stima. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 hula karibu wati 5. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7 ina Wh (wati-saa) 84, na haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una Wh 42: saa 7 hivi ukiondoa kinachopotea njiani. Inaonekana nyingi, hadi ukumbuke kwamba ruta nayo inataka wati 10. Sasa ni saa zisizotimia 3, na kamera bado hujazihesabu. Seva iliyo macho huku ruta imezimika haipokei kitu.

Zaidi ya hayo, Pi 4 haina saa yenye betri. Stima ikikatika na kurudi wakati intaneti haipo, inaamka ikidhani bado ni wakati ule ilipozimika, na barua zinapangwa chini ya zile za jana. Unatafuta picha ya usiku huu na huioni. Kijisaa cha DS3231 chenye betri ya CR2032 hukomesha hilo. Laptopu kuukuu, kwa maoni yetu, ni chaguo bora zaidi kwa watu wengi: ina saa, ina betri yake, na diski yake huvumilia kuzimwa ghafla kuliko kadi ya SD, ingawa itakula wati 15.

Na diski hujaa. Picha za KB 300, mara 200 kwa siku, ni MB 82 zikishavimba, yaani karibu GB 30 kwa mwaka, na punda wa Lamu hawana likizo. Nafasi ikishuka chini ya mara moja na nusu ya message_size_limit, Postfix inaacha kupokea, ikiwemo barua ya kukuambia kwamba diski imejaa. Amri hii ya kufuta barua zilizopita siku 30 iwekwe kwenye cron, kipanga kazi cha kompyuta, iendeshwe kila usiku:

doveadm expunge -u kamera mailbox INBOX savedbefore 30d

Hoja nzito kuliko zote za wapinzani, hata hivyo, haihusu mafundi. Mwizi akiingia ukiwa Mombasa, picha yake imekaa salama ndani ya laptopu, na laptopu iko kwapani mwake. Sanduku lisilotoka nje halimfikii aliye nje. Kufungua mlango kwenye ruta ili uingie kutoka mbali mara nyingi hakuwezekani, kwa kuwa kampuni za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Je, seva itume nje yenyewe? Hapana. Anwani za intaneti za majumbani zimo kwenye orodha za kukataliwa, mlango namba 25 kwenda nje huzuiwa mara nyingi, na tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, vithibitisho kwamba barua imetoka kwake kweli. Kupigania hilo kwa ajili ya picha ya kichochoro ni kutwanga maji.

Njia ya kati ni kumpa Postfix mbebaji. Unaweka relayhost ya kampuni uliyo na akaunti kwake, mlango 587, na nenosiri la programu. Default_transport inarudi kuwa smtp. Usisahau kifurushi cha libsasl2-modules, bila hicho utasoma "no mechanism available" na kumlaumu mbebaji bure. Pia smtp_generic_maps, ili jina la home.arpa libadilishwe kuwa anwani yako halisi kabla ya barua kutoka. Sasa intaneti ikikatika saa 8 usiku, foleni inaishika barua hadi irudi, kazi ambayo kamera haikuiweza. Ila chagua kinachotoka. Kamera ya kichochoroni ibaki ndani na punda wake. Ile inayotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, ambapo usiku hapatarajiwi mtu, iandike kwa tahadhari@nyumba.home.arpa, na lakabu ya tahadhari iwe na anwani mbili, ya ndani na ya nje.

Nyumba inayopokea wageni hesabu yake ni tofauti. Yeyote aliye kwenye mynetworks anaweza kutuma barua kwa jina lolote, kwa hiyo Wi-Fi ya wageni iwe mtandao wa peke yake, mfano 192.168.20.0/24. Na ukianza kuskani pasipoti zao, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiihesabu tena kazi hiyo kuwa mambo binafsi ya nyumbani. Skani hizo zinahitaji muda wa kufutwa ulioandikwa.

Kabla ya kuuamini mfumo wowote kati ya hii, chomoa waya wa intaneti, pita mbele ya kamera, uhesabu picha. Kisha zima swichi kuu, subiri dakika 10, washa, na utazame saa iliyoandikwa kwenye barua ya kwanza.