Jukwaa la wakulima wa korosho: ufunguo ukae kwa nani?

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, kuanzia Oktoba, Tandahimba, Newala na Masasi kote watu wanasubiri jambo moja: mnada wa leo umefunga kwa shilingi ngapi kilo. Karani hajamaliza kubandika karatasi ya bei kwenye ubao wa chama, picha yake imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp, imefika kwa watoto walioko Dar es Salaam, na imerudi kijijini na maneno mengine juu yake. Ndiyo maana chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa eneo, kinapomwita mtengeneza tovuti kama mimi hapa Mtwara, ombi huwa lile lile: tutengenezee kitu cha mtandaoni, mwanachama aone bei, kilo zake na malipo yake, na watu wajadiliane humo humo.

Kutengeneza kurasa zenyewe si kazi ngumu siku hizi. Ugumu uko kwenye uamuzi wa kwanza: jukwaa lijishikize kwenye mitandao mikubwa, mtu aingie kwa akaunti yake ya Facebook au Google, au chama kijenge mlango wake chenyewe?

Wanaotaka kujishikiza wana hoja nzito. Facebook ilianza mwaka 2008 kuruhusu tovuti nyingine zipokee watu kwa akaunti zake, na Oktoba 2012 utaratibu unaotumika sana kwa kazi hiyo, OAuth, ulichapishwa katika toleo lake la pili. Mkulima wa kusini ataelewa haraka namna unavyofanya kazi, kwa sababu tangu msimu wa 2007/2008 anaishi na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kwa karatasi ya ghala lililozipokea. Mnunuzi hafiki nyumbani kwako kupekua magunia. Anaamini karatasi iliyotolewa na ghala. Hapa pia tovuti ya chama haioni kabisa nywila yako ya Facebook. Inapokea hati ya muda inayosema huyu ni fulani na tovuti hii imeruhusiwa kuona mambo haya na haya. Kwa kikundi cha vijana watatu wanaotengeneza jukwaa bila mtaalamu wa usalama hata mmoja, kutotunza nywila za watu elfu mbili ni nafuu kubwa mno. Nywila usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa kwako.

Hata hivyo, stakabadhi ina thamani kadiri ghala lilivyo imara. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba hati za namna hiyo za akaunti zipatazo milioni 50 huenda zimeibwa. Baadaye ikasema ni milioni 30. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita, kwetu ikiwa jioni hadi usiku mkubwa, na kila tovuti iliyotegemea mlango wa Facebook peke yake ikafungiwa nje pamoja na watu wake. Tazama mwezi wenyewe. Oktoba ndipo magunia yanapoanza kupokelewa ghalani.

Lakini kilichonibadilisha mimi mawazo kilitokea kijijini. Msimu mmoja nilikiwekea chama kimoja mlango wa Google, nikaona nimemaliza kazi. Wiki ya pili akaja mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, simu yake imeharibika na mpya haimruhusu kuingia. Nikamuuliza anwani ya akaunti. Hakuijua. Akaunti ilifunguliwa na fundi simu siku aliponunua ile simu ya kwanza, kwa jina alilobuni fundi na nywila aliyoichagua fundi. Nikaanza kuuliza wengine, na hali ikawa ni hiyo hiyo kwa wengi wao: mafundi, wajukuu, wauza simu wa stendi. Kwenye michoro yangu ufunguo ulikuwa mkononi mwa mkulima. Kumbe alikuwa nao kijana wa kibanda cha simu, na wala hakufanya ubaya wowote, alikuwa anamsaidia mteja aondoke na simu inayofanya kazi.

Je, namba ya simu ndiyo jawabu? Kwa sehemu kubwa naamini hivyo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kwa miaka mingi watu wamezoea kufanya mambo ya pesa kwa simu. Ila nisifiche upande wa pili. Laini nyingi vijijini zimesajiliwa kwa jina la mtoto au mume. Laini ikikaa bila kutumika, namba hugawiwa mtu mwingine. Kila ujumbe wa namba ya uthibitisho una gharama, na anayelipa ni chama. Na matapeli wa "tuma kwa namba hii" wamewafundisha watu, kwa haki kabisa, kutomtajia yeyote tarakimu zilizoingia kwenye simu. Kwa hiyo namba ya simu haitoshi mpaka iandikwe na karani mbele ya mwanachama mwenyewe, kwenye daftari la chama, mahali ambapo watu wanafahamiana kwa sura na kwa koo. Hakuna kampuni ya nje yenye uwezo huo wa kumtambua mtu.

Kwenye mazungumzo nakubaliana na upande wa mitandao mikubwa karibu moja kwa moja. Nimeona wenzangu wakitumia miezi kujenga ukumbi wa kuchati ndani ya programu, kisha haingii mtu. Watu wako WhatsApp, ambako kundi moja linabeba hadi watu 1,024, na bando la kufungulia ukumbi wa pili hawana. Tatizo la kundi ni kumbukumbu. Picha ya bei ya kughushi inazunguka sawasawa na ya kweli, na bei ya wiki tatu zilizopita huwezi kuipata bila kupitia ujumbe mamia. Basi kila mnada uwe na ukurasa wake wenye anwani yake, mwepesi, wa maandishi, ambao mtu anautupia kundini na mwingine anaufungua kuhakiki. Soga ibaki kundini. Kivinjari nacho kiagizwe kutunza nakala ya mwisho ndani ya simu. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti chini ya bahari zikakatika na mtandao ukazorota nchi nzima. Ukurasa uliotunzwa kwenye simu ungefunguka siku zote hizo.

Limebaki suala la nani aone nini, na hapa sijawahi kupata kikao kilichokubaliana upesi. Wapo wanachama wanaotaka kila kitu kiwe wazi, majina, kilo na malipo, kwa sababu wamewahi kupunjwa na wanaamini macho mengi yanazuia wizi. Siwezi kuwapuuza. Lakini orodha ya nani amelipwa kiasi gani ikishafika mtandaoni, mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, na mkopeshaji watakuwa wa kwanza kuisoma, kabla hata mke hajajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu ajue anazitunza kwa kazi gani. Ninachopendekeza ni kuanika jumla: chama kimepokea kilo ngapi, zimeuzwa kwa bei gani, na mjengeko wa bei, kila kato na jina lake. Humo ndimo mkulima anapopunjwa, na hakuna siri ya mtu binafsi inayoguswa. Kilo zangu na fedha zangu nizione mimi.

Chama kikiniita leo, ningeanza na ukurasa wa bei na makato peke yake, bila mlango wowote, na kitufe cha kuutuma WhatsApp na Facebook kwa anayetaka. Sehemu ya kilo na malipo ningeiongeza msimu unaofuata, karani akishapita daftari lote na kuwauliza wanachama mmoja mmoja: laini hii ni ya kwako, au ni ya nani?