Kadi ya Kwanza ni Shahidi

Muuza duka wa mtaani kwetu Ngamiani ananifahamu kuliko benki yoyote mjini Tanga. Jina langu limeandikwa na kukatwa katika daftari lake la madeni kwa miaka mingi, naye hajawahi kuniuliza hati ya mshahara. Hata hivyo, nilipokwenda kuomba kadi ya mkopo mwaka jana, ofisa aliyenihudumia aliitazama kompyuta yake kwa muda, kisha akaniambia kwa upole kwamba sina historia ya mikopo.

Niliudhika, ingawa baadaye nilielewa. Kanuni za mwaka 2012 zinazitaka benki zipeleke taarifa za wakopaji wao katika kanzidata ya Benki Kuu, na taarifa hizo ndizo zinazotumiwa na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, kuandaa ripoti ya mkopaji. Daftari la duka halifiki huko. Hata kadi ya ATM yenye nembo ya Visa, ambayo wengi wetu huidhania kuwa kadi ya mkopo, haisaidii kitu, kwa kuwa fedha inayotumika ni ya mwenye kadi mwenyewe na hakuna deni la kuripoti. Kinachoweza kuonekana, kwa bahati mbaya, ni mkopo mdogo wa simu uliotolewa na benki na ukasahaulika. Ndiyo maana ni busara kuomba ripoti yako kwanza na kudai makosa yarekebishwe kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kwa maoni yangu, basi, mtu wa hali yangu asiichague kadi kwa sababu ya fedha itakayompa, bali kwa ushahidi itakaomtolea. Kadi yenye ukomo mdogo, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa, iliyodhaminiwa na amana yako mwenyewe iliyozuiwa benki, inatosha kabisa, hata kama inakera kukopeshwa kwa dhamana ya fedha yako. Zawadi na pointi ziachiwe wanaosafiri. Ada ya mwaka iulizwe waziwazi, kwa sababu kwa ukomo wa shilingi 300,000 hata ada ndogo ni mzigo.

Jambo ninalolipa uzito mkubwa zaidi ni tarehe ya kulipa. Mwalimu anayepokea mshahara mwishoni mwa mwezi akipangiwa kulipa tarehe 20, atakuwa anatafuta fedha wakati mfuko umekauka, na mchuuzi wa samaki anayetegemea bamvua na maji mafu ana hesabu nyingine kabisa. Tarehe isiyopatana na kipato humfanya mtu mwaminifu aonekane mdanganyifu.

Hapo ndipo mtego wa kiwango cha chini cha malipo, yaani sehemu ndogo ya deni ambayo benki inakubali ulipe kwa mwezi, unapomnasa. Tuseme unadaiwa shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, nawe unalipa asilimia 10 tu, yaani 60,000. Katika hizo, 18,000 ni riba, na deni linabaki 558,000. Ripoti yako itakuwa safi, lakini utakuwa umeinunua kwa bei ghali. Ukilipa deni lote kwa wakati, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba. Fedha taslimu inayotolewa ATM kwa kadi hiyo ni suala jingine, kwani riba yake mara nyingi huanza kuhesabiwa siku ileile, tena mbali na ada. Wahenga waliosema kukopa harusi kulipa matanga walijua walichokiona, ijapokuwa hawakuwahi kuona ATM.

Mimi nilichukua kadi ya amana yenye ukomo wa 300,000, nikaomba tarehe ya kulipa iwe siku ya tano ya mwezi, nami huitumia kununulia mafuta ya pikipiki pekee. Duka la mtaani halina mashine ya kadi, kwa hiyo unga na sukari bado naandikiwa daftarini.