Kilo si shilingi, na kompaila ilipaswa kujua

Msimu wa zabibu wa mwezi wa nane, mama mmoja wa Hombolo, Dodoma, alinipigia saa mbili usiku. "Mwanangu, mmeniandikia kilo 1,200 kwa shilingi 85. Mimi nimeleta kilo 85 tu. Hela yangu iko wapi?" Simu ikiwa bado sikioni nilifungua kompyuta. Ujumbe ule, ambao programu yangu humtumia mkulima akileta zabibu, ulikuwa na alama mbili za %d, yaani nafasi za kujazwa namba, nami nilitanguliza bei, uzito ukafuata. Programu haikusema lolote, kwa sababu machoni pake zote zilikuwa namba.

Alama hizo tumezirithi kutoka lugha ya programu ya C ya miaka ya 1970, na naamini tumezivumilia kupita kiasi. Mwaka 1998 Olivier Danvy, mtafiti wa lugha za programu, alionyesha njia nyingine. Badala ya sentensi yenye alama zinazosomwa programu ikiwa tayari kazini, unaunganisha fanksheni ndogo ndogo, yaani vipande vya programu vinavyopokea kitu na kutoa kingine. Kila inayoacha nafasi ya kujazwa inaongeza kitu kimoja kwenye aina ya fanksheni nzima, yaani maelezo ya inapokea nini na inatoa nini. Kompaila, ile inayokagua na kutafsiri programu kabla haijaendeshwa, inajua mapema nafasi ni ngapi na kila moja inataka nini.

Lugha ya OCaml ilipita njia yake: kompaila yenyewe husoma ile sentensi yenye alama na kuipa aina, na toleo la 4.02 la mwaka 2014 liliandika upya kazi hiyo kwa namna salama zaidi. Haskell, lugha ninayotumia mimi, ina Text.Printf yenye alama zilezile, lakini hiyo hugundua kosa programu ikiwa inaendeshwa, yaani mama ameshakaa anasubiri ujumbe. Ndiyo maana nilihamia formatting, maktaba (mkusanyo wa fanksheni zilizo tayari) ya Chris Done, inayofuata wazo la fanksheni zinazounganishwa.

Utamu wake ni kwamba silazimiki kuandika "namba". Nimetengeneza aina mbili, Kilo na Shilingi, na kila moja ina fanksheni yake ya kuiandika. Sentensi inasomeka: "Umeleta", kilo, "kwa", shilingi.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Anayeandika kwa Kiingereza mara nyingi huongeza herufi moja mwishoni mwa neno, wingi umepatikana. Kwetu kikapu 1 kimepokelewa, vikapu 4 vimepokelewa: jina na kitenzi vinabadilika pamoja. Kwa %d nilijaza masharti ya "kama ni moja" kila kona ya programu. Sasa ngeli inakaa ndani ya fanksheni moja inayopokea idadi na kutoa kirai kizima, nami naitumia popote.

Kasoro ipo. Mpangilio wa nafasi umefungwa kwenye mpangilio wa maneno, kwa hiyo ukitaka ujumbe huohuo kwa Kiingereza, na maneno yakageuka, inabidi uandike upya na wito wake, yaani mstari unaoipa sentensi vitu vya kujaza. Pia kompaila ikikasirika hutoa maelezo marefu yanayomchosha kijana anayeanza. Hilo linaniuma, maana vijana hao ndio nataka waje huku.

Kabla ya msimu wa mwezi wa pili nilirudia kosa lilelile kwa makusudi, bei mbele, uzito nyuma. Kompaila ikagoma palepale: ilitaka Kilo, imepewa Shilingi. Hakuna ujumbe uliotoka mezani kwangu.